Linux ipi ya kuanzia? Angalia kwanza nani yuko karibu yako

Toka Microsoft waache kutoa apdeti za kawaida za Windows 10, tarehe 14 Oktoba 2025, watu wanaokuja kwangu na laptopu kwapani wamebadilisha swali. Zamani ilikuwa "kaka nipigie Windows", sasa hivi ni "kaka hiyo Linux yako na mimi naiweza kweli, na niweke ipi, maana nimeingia YouTube nimekuta ziko kibao na kila mtu anasema ya kwake ndo bora". Linux ni mfumo wa kuendesha kompyuta, unakaa mahali pa Windows, na ina aina nyingi zenye majina tofauti, kwa hiyo swali ni zuri na linastahili jibu refu, kwa sababu majibu mengi ya mtandaoni yameandikwa na watu wenye intaneti ya nyumbani isiyohesabiwa MB na kompyuta mpya mezani, alafu mtu wa Kahama au Morogoro mwenye laptopu ya HP EliteBook ya mtumba na bando la wiki anayafuata hivyo hivyo yalivyo, anakwama katikati, anaishia kusema Linux ngumu.

Jibu langu ni hili. Kabla hujaangalia muonekano, kabla hujalinganisha majina, jiulize ukikwama usiku nani atakusaidia, na huyo mtu anatumia nini, basi weka anachotumia yeye. Baada ya hapo ndo uangalie mashine yako inabeba nini, kisha bando lako linaruhusu nini, na mambo ya rangi na mpangilio wa menyu yaje mwisho kabisa maana hayo utayabadilisha utakavyo ukishazoea.

Nalisema hili kwa msisitizo kwa sababu watu wanadhani Windows ni rahisi. Mi naona Windows inaonekana rahisi kwa kuwa kila kona kuna anayeijua, ukiteremka stendi kuna fundi, steshenari kuna dada anayejua pa kubonyeza, kazini kuna kijana wa IT, hata mdogo wako wa form three anajua njia ya kurudisha sauti ikipotea. Ukihamia Linux mashine haijawa ngumu zaidi, ila ghafla wale watu wote wanaokuzunguka hawana la kukwambia. Hapo ndo mgeni anapovunjika moyo, sio kwenye kuinstali.

Mpwa wangu alipoanza chuo Dodoma aliniomba nimwekee Linux kwenye laptopu yake, na mi natumia Linux Mint, moja ya aina hizo za Linux, miaka yote na naipenda kutoka moyoni, lakini nilimuuliza darasani kwenu wanatumia nini, akasema mwalimu wa programming anatumia Ubuntu, aina nyingine ya Linux, na wenzake kadhaa hosteli wameweka hiyo hiyo. Nikamwambia basi na wewe weka Ubuntu.

"Anko, mbona wewe una Mint?"

"Mimi niko Morogoro mama. Projekta ikikataa kusoma dakika tano kabla ya presentesheni utanipigia mimi au utamuita aliyekaa pembeni yako?"

Akaweka Ubuntu, na kila ilipotokea shida alikuwa na wa kumuuliza chumba cha pili, na baada ya muda yeye ndo akawa anaulizwa. Kama ningemwekea Mint angekuwa peke yake na mfumo wa mjomba.

Sasa kama huna mtu kabisa, hapo unatafuta mfumo ambao watu usiowafahamu wameshauliza maswali yako yote kabla yako na majibu yapo wazi. Kwa anayeanza hiyo ni familia ya Ubuntu, na niieleze kidogo hii familia maana ukiielewa ule wingi wa majina hautakutisha tena. Linux yenyewe ni kiini tu, ile sehemu inayoongea na prosesa na diski na waifai, ilianzishwa 1991 na Linus Torvalds akiwa mwanafunzi wa chuo kikuu Helsinki, nchini Finland, na vitu vingi vinavyoizunguka vilitokana na mradi wa programu huru uitwao GNU alioutangaza Richard Stallman 1983, na yote yako chini ya leseni inayokuruhusu kutumia, kusoma, kubadilisha na kumpa mwenzako. Kwa sababu ya ruhusa hiyo yeyote anaweza kukusanya kiini na programu akafunga mzigo wake na kuupa jina, na huo mzigo ndo tunaita distro. Mwaka 1993 Ian Murdock akaanzisha Debian. Mwaka 2004 Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini na kampuni yake ya Canonical wakachukua Debian wakatoa Ubuntu. Mwaka 2006 Clement Lefebvre akachukua Ubuntu akatengeneza Mint. Kwa hiyo Mint ni mjukuu wa Debian, na Lubuntu, Xubuntu, Zorin wote ni ukoo huo huo, amri ile ile ya kuweka programu, na jibu la mtu wa Ubuntu mara nyingi litakufaa wewe wa Mint bila kubadilisha herufi.

Na huku kwetu kuna sababu nyingine ya Ubuntu kuwa na wenyeji wengi. Canonical walikuwa na utaratibu ulioitwa ShipIt, unaomba CD mtandaoni wanakutumia kwa posta bila kulipa chochote, mpaka walipousimamisha mwaka 2011. Enzi hizo kushusha faili la MB 700 kwenye intaneti kafe ilikuwa ni ndoto, kwa hiyo bahasha zile zilizofika kwenye masanduku ya posta zilifundisha watu wengi, na baadhi yao leo ndo wahadhiri na mafundi wa maabara za kompyuta vyuoni. Ukimkuta mtu wa makamo anaijua Linux muulize alianzaje, kuna uwezekano mkubwa atakutajia CD ya Ubuntu.

Jambo ambalo wanaoanza hawaliulizi na ningependa waulize ni mfumo huu utahudumiwa mpaka lini. Ubuntu wanatoa toleo kila miezi sita lakini la kukufaa wewe ni lile linaloitwa LTS, linatoka kila miaka miwili mwezi wa nne na linapata apdeti za usalama miaka mitano. La 24.04 linakwenda mpaka 2029. Yale ya katikati yanaishia miezi tisa. Mint 22 na ndugu zake wote wa namba 22 wamejengwa juu ya 24.04 kwa hiyo nao ni 2029. Fedora ni mfumo mzuri mno, wataalamu wengi wanaupenda, ila kila toleo linahudumiwa kama miezi 13 hivi, ina maana kila mwaka una kazi ya kupandisha toleo zima, na ukiwa na bando la kuhesabu na huna mtu wa kumuuliza hiyo kazi itakuelemea. Debian nayo inakaa muda mrefu na imetulia sana, Debian 13 ilitoka Agosti 2025, mi ningempa mtu ambaye jirani yake anaitumia.

Tuje kwenye mashine. Laptopu nyingi mtaani kwetu ni zile zilizotumika maofisini Ulaya na Marekani na zikapitia Dubai, HP EliteBook 840 G1, Dell Latitude E7440, ThinkPad T440 na X240, hizi zote ni Intel kizazi cha nne. Windows 11 inataka chipu ya usalama ya TPM 2.0 na kwa Intel karibu zote ni kuanzia kizazi cha nane, kwa hiyo hizi zimeachwa nje hata kama zina RAM ya GB 8 na zinafanya kazi safi kabisa. Microsoft wameweka mpango wa mwaka mmoja zaidi wa apdeti za usalama kwa Windows 10 za watu binafsi, unaishia Oktoba 2026, baada ya hapo mwenye laptopu ya hivyo anabaki na mfumo usiozibwa matundu, na hela ya laptopu mpya kwa mwalimu au mwanafunzi haipatikani kwa kupiga kidole. Linux inazichukua mashine hizi na kuzifanyisha kazi miaka mingi ijayo. Hili ndo linalonifanya niandike kwa moyo wote, kwa sababu nimeona laptopu nzuri zikitupwa kabatini wakati mtoto wa nyumba hiyo hiyo anaandika projekti yake kwenye simu.

Angalia RAM kwanza. Ukiwa na GB 8 weka unachotaka. Ukiwa na GB 4 Mint Cinnamon, yaani Mint yenye muonekano wake mkuu, itakwenda lakini ukifungua brauza tabo nyingi utaisikia, Mint ya Xfce, yenye muonekano mwingine, ni nyepesi zaidi na ndo ninayoiweka kwenye nyingi za GB 4. Ukiwa na GB 2 basi Lubuntu au Mint Xfce, na ujue brauza ndo inayokula RAM, mfumo wowote hautabadilisha uzito wa Facebook. Kama mashine ni ya zamani sana, bado ina prosesa ya biti 32, Ubuntu waliacha kuwatengenezea watu hao toka 2017 na hata Debian 13 haina tena installa ya biti 32, hapo tumia Debian 12 au antiX, Linux nyingine nyepesi. Na kama una hela ya kitu kimoja tu, usiongeze chochote kabla hujatoa hard disk ya kuzunguka ukaweka SSD, ile diski isiyozunguka, hata ya GB 120. Mint inahitaji GB 20 kwa uchache. Hiyo SSD itakupa kasi kuliko ubishi wote wa distro gani ni nyepesi.

Bando. Faili la ISO, lile unalodanlodi lenye mfumo mzima ndani, kwa Mint linakaribia GB 3, la Ubuntu 24.04 linakaribia GB 6. Kwa mwenye waifai ya ofisi hii sio hoja, kwa anayenunua bando la usiku ni tofauti ya hela halisi, na hii peke yake imewafanya watu wangu kadhaa waanze na Mint. Kabla ya kudanlodi tafuta kama kuna mtu analo tayari maana kukopi ni halali kabisa, leseni inaruhusu, na ukishalipata hakikisha namba ya uhakiki ya SHA256 inafanana na ile iliyoko kwenye tovuti ya wenyewe, kwa sababu faili likikatika katikati litakusumbua kwenye kuinstali na utadhani laptopu ndo mbovu.

Ukishaweka, kila apdeti ya Mint inakuonyesha ukubwa wake kwa MB kabla hujakubali, kwa hiyo unaweza kuchukua za usalama leo na kuacha zingine mpaka upate waifai. Programu zinakuja kwa namna mbili, ile ya kawaida ya ukoo wa Debian inayoishia na .deb, na ile inayoitwa Flatpak ambayo mara ya kwanza inashusha mizigo mingine ya kusaidia hata kama programu yenyewe ni ndogo, MB mia kadhaa zinaondoka. Kwenye Software Manager ya Mint utaona unaweza kuchagua, chagua ya kawaida kama ipo. Na kuna hii ambayo wengi hawaijui, mafaili ya .deb uliyoyashusha kwa amri ya apt-get yanabaki kwenye folda /var/cache/apt/archives (amri ya apt yenyewe huwa inayafuta ikimaliza kuinstali), mkiwa wawili wenye toleo moja la mfumo mmoja anashusha mwingine anakopi kwa flashi. Unaona tena kwanini nasisitiza utumie anachotumia jirani yako.

Kali sasa. Vijana wengi, hasa wa vyuo, wakisikia Linux wanachosikia ni Kali, ile yenye joka, kwa sababu kwenye video za udukuzi ndo wanayoiona, kwa hiyo mtu hajawahi kutumia Linux hata siku moja anaanza na Kali kama mfumo wake wa kila siku wa kuandikia asaimenti na kuangalia muvi. Naomba mnisikilize wadogo zangu. Kali imetengenezwa na watu wa OffSec kwa ajili ya wataalamu wa kupima usalama wa mifumo, na wenyewe kwenye maelezo yao wanasema haimfai mtu asiyeijua Linux. Imejaa zana mia kadhaa ambazo hutazigusa, inafuata mkondo wa apdeti zinazobadilika kila mara, na kikiharibika kitu majibu yake mtandaoni yanachukulia kwamba tayari unajua mengi. Kama unataka kusomea usalama wa mitandao, ni kazi nzuri na inahitajika sana, weka Ubuntu au Mint uielewe mpaka uweze kueleza ruhusa za mafaili zinafanyaje kazi, mtandao unasomwaje, huduma zinawashwaje, alafu Kali uiweke ndani ya VirtualBox, programu inayoendesha mfumo mwingine ndani ya mfumo ulionao, au kwenye flashi ya kuwasha. Zana zile nyingi zinapatikana kwenye Ubuntu pia. Kuwa na joka kwenye skrini hakukufanyi ujue, na nimeona vijana wenye akili sana wameiacha Linux yote kwa sababu walianzia hapo. Inaniuma kweli.

Arch, Linux nyingine inayopendwa na wazoefu, na ndugu zake wakae pembeni kwanza kwa sababu hiyo hiyo.

Ukishachagua, usiinstali. Jaribu kwanza. Chukua flashi ya GB 8 au zaidi, kwenye Windows tumia programu ya Rufus kuandika ISO kwenye hiyo flashi, itafuta kila kilichomo kwa hiyo hamisha picha zako kabla. Zima laptopu, iwashe huku unabonyeza kitufe cha menyu ya kuchagua cha kuwashia, kwenye Dell na ThinkPad ni F12, kwenye HP ni F9 au Esc. Mfumo utafunguka wote kutoka kwenye flashi bila kugusa diski yako, na hapo kaa nao jioni nzima. Angalia waifai inashika, sauti inatoka, kamera inafanya kazi kwenye simu ya video, vitufe vya kupunguza mwanga vinaitika, ukifunika laptopu inalala na ukifunua inaamka. Chomeka printa ya ofisini. Chomeka modemu yako ya laini. Kama kuna kitu kitagoma ni bora ukijue sasa hivi wakati Windows bado ipo.

Kinachogoma mara nyingi ni waifai, na mara nyingi ni kwa sababu laptopu ina kadi ya Broadcom ambayo draiva yake sio huru kwa hiyo haiji ikiwa imewashwa. Mgeni anafika hapo anaona hakuna mtandao, na draiva inahitaji mtandao, anakata tamaa. Chukua simu yako, ichomeke kwa waya wa USB, washa kushea intaneti kwa USB, Linux itaitambua saa ile ile, alafu ufungue Driver Manager itakuonyesha draiva inayotakiwa, unabonyeza unasubiri unawasha upya. Kila mtu ninayemwekea nampitisha hapo hata kama waifai yake inafanya kazi, ili aijue hiyo njia.

Kuna wanaotaka kubaki na Windows pembeni na kwa anayeanza mi nakubaliana nao, hasa kama kuna programu ya kazini. Kabla ya kugawa diski weka nakala ya mafaili yako nje, kwenye eksteno au kwa rafiki. Angalia kama BitLocker, ile ya Windows inayofunga diski kwa ufunguo, imewashwa, uwe na ufunguo wake umeandikwa mahali. Zima kile kinachoitwa Fast Startup ndani ya Windows, maana kikiwa kimewashwa Windows haizimiki kabisa na ukija Linux utakuta diski ya Windows unaweza kusoma lakini huwezi kuandika. Na usishtuke ukirudi Windows ukakuta saa imerudi nyuma masaa matatu, hilo linatokea sana ukanda wetu kwa kuwa Linux huwa inaiweka saa ya ndani ya mashine kwa majira ya Greenwich na Windows inaichukulia kama saa ya hapa, na sisi tuko mbele masaa matatu. Kwenye Linux fungua terminali, lile dirisha la kuandikia amri, uandike timedatectl set-local-rtc 1 na itatulia.

Niseme na visivyowezekana, maana mtu akiahidiwa kila kitu alafu akakosa kimoja anaona alidanganywa. Microsoft Office ya kuinstali haipo, Photoshop haipo, Premiere haipo, AutoCAD haipo, na programu nyingi za uhasibu za kwenye Windows hazipo. Kama mkate wako unategemea mojawapo ya hizo baki na Windows au uziweke zote mbili. Kwa anayejifunza au anayefanya vya kawaida kuna GIMP ya picha, Inkscape ya michoro, Kdenlive ya video, zote zina uwezo mkubwa lakini ni zana tofauti zenye njia tofauti, jipe muda. Zoom ipo, Chrome ipo, Telegram ipo, VLC ipo, na WhatsApp unaifungua kwenye brauza.

Programu za ofisi zinahitaji maneno zaidi kwa sababu ndo kazi kubwa ya walimu na wanafunzi. LibreOffice, inayosimama mahali pa Microsoft Office, inafungua docx na inahifadhi docx, lakini kazi iliyoandikwa kwa Calibri au Cambria ikikosa fonti hizo mistari inahama na kurasa zinaongezeka. Dawa yake ni fonti za Carlito na Caladea ambazo vipimo vya herufi zake ni sawasawa na hizo mbili, na Liberation Serif inasimama mahali pa Times New Roman. Ukienda kuprinti steshenari peleka PDF, LibreOffice inaitoa kwa kitufe kimoja juu pale, hapo hakuna kitu kitahama hata wakiwa na Word ya mwaka gani. Na walimu wa Kiswahili nina habari yenu, andikeni sudo apt install hunspell-sw mtapata kamusi ya kusahihisha tahajia ya Kiswahili ndani ya LibreOffice, kwa hiyo ule mstari mwekundu chini ya kila neno lako unaondoka na unabaki kwenye makosa halisi. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walishatoa programu nzima za ofisi kwa Kiswahili, Jambo OpenOffice, mwaka 2004, na iliwezekana kwa sababu msimbo ulikuwa wazi, hawakusubiri kampuni ya ng'ambo iamue kama soko letu linalipa.

Hapo hapo steshenari kuna faida ambayo watu wanaiona wiki ya kwanza tu. Vile virusi vya flashi vinavyoficha mafaili yako na kuacha shotikati vimetengenezwa kuendeshwa na Windows, kwenye Linux vinabaki mafaili yasiyofanya lolote, unaona mafaili yako halisi yapo, unayakopi, unafuta takataka. Dada mmoja mwenye steshenari karibu na shule nilimwekea Mint kwenye mashine moja tu, ile ya kupokelea flashi za wateja, na zile mbili za kuprintia zikabaki na Windows. Wanafunzi wakija na flashi inapita kwanza kwenye ile ya Mint. Hakuhitaji kuwa shabiki wa kitu chochote, alihitaji wateja wake wasirudi wanalia kazi zao zimepotea.

Na kuna lingine linaendana na hilo. Windows nyingi mtaani zimechakachuliwa, na ili zikubali unaambiwa zima antivairasi kwanza alafu endesha hiki kifaili. Umempa mtu usiyemjua mashine yako yote, na humo humo unaingilia benki yako na barua pepe yako. Linux haina wa kudanganya kwa sababu haidai leseni ya kununua.

Wiki za mwanzo usihamehame. Utaona video ya mfumo mwingine wenye muonekano mzuri zaidi na utatamani, subiri, kila ukihama unaanza sifuri na yule anayekusaidia naye anaanza sifuri. Washa Timeshift siku ile ile ya kuinstali, inapiga picha ya hali ya mfumo ili ukiharibu urudi ulipokuwa jana, ila ujue inalinda mfumo tu, mafaili yako ya kazi uyaweke nakala mwenyewe. Terminali huihitaji kwa kazi za kila siku lakini usiiogope, na ukikuta amri mtandaoni usiibandike kabla hujaelewa kila neno linafanya nini, hasa ikianza na sudo, inayoipa amri mamlaka yote, na hasa zaidi ikiwa na rm, inayofuta mafaili, ndani yake. Muulize mtu wako. Ndo maana tulimtafuta.

Mimi ninatembea na flashi moja yenye Ventoy, ambayo inabeba ISO kadhaa kwa pamoja unachagua wakati wa kuwasha. Humo kuna Mint Cinnamon, Mint Xfce, Ubuntu 24.04 na Debian 12 ya biti 32 kwa zile mashine za kale. Ukiwa Morogoro na ukanijua njoo na flashi yako ya GB 16, tutakopi bila kutumia bando la mtu, ila tutaanza kwa kuuliza kazini au chuoni kwako wanatumia ipi.